Ua la Mukuba: kumbukumbu ya wankambo, nguo ya udongo uliochomwa

Mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zinakwisha, tulipita katika kartie moja ya Lubumbashi, ile iliyo upande ambako upepo wa kiangazi ulikuwa unapeleka moshi wa fonderi. Tulimkuta mama mmoja na jembe mkononi. Lupangu lake lilikuwa na udongo mweupe, mgumu, karibu bila jani. Pembeni tu palikuwa na maua madogo ya rangi ya zambarau, yamesimama pamoja kama watoto wa masomo kwenye mstari. Mama alikuwa anayang'oa moja moja ili apande lengalenga.

Tulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye matanuri. Akamwambia: «Mama, wacha kwanza. Iyi maua haimeake bule. Fasi inamea, kuko mukuba chini.»

Mama akasimama, akamwangalia. «Sawa, baba. Lakini nitalima wapi? Batoto banakula nini?»

Mzee hakujibu. Na sisi wenye kusoma vitabu, hatukujibu pia. Maandishi haya ni jaribio la kumjibu yule mama, na ili kumjibu inatupasa kwanza kuelewa historia ya lile ua. Wengi wetu tumezaliwa hapa, tumelipita kila mwaka, na hatujui kwamba linabeba habari za wankambo wetu kuliko mnara wowote uliojengwa mjini.

1. Vilima visivyo na miti

Anayesafiri kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, Fungurume na Kolwezi anapita katika pori la miti: muputu, mutondo, mubanga, mulombwa, na misuku ambayo matunda yake tunauziwa barabarani. Halafu, kwa ghafula, anaona kilima kiko uchi kichwani. Miti inafika chini ya mteremko na kusimama, kama imekatazwa kupanda. Juu kuna majani mafupi na maua tu.

Watu wa zamani walijua maana yake. Mti hauwezi kukaa pale juu ya mukuba. Udongo wa kawaida una chini ya miligramu 100 za mukuba katika kilo moja. Kwenye vilima hivi unapata elfu kadhaa, na fasi zingine zaidi ya 10.000. Kwa mimea mingi hiyo ni sumu: mizizi inaungua kabla haijashika. Njo maana vilima vilibaki bila miti, na yule aliyetafuta mukuba hakuhitaji mashini. Alipanda kwenye kichuguu kirefu, akaangalia kwa mbali kilima kipi hakina miti.

Lakini kilima kisicho na miti si kilima kilichokufa. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 600 za mimea kwenye vilima vya mukuba vya Katanga, na zaidi ya 30 kati yao hazipatikani fasi nyingine yoyote duniani. Mimea hiyo imezoea mambo mawili kwa pamoja: sumu ya mukuba, na ukame. Kwetu mvua inaanza karibu mwezi wa 11 na kukatika karibu mwezi wa 4, halafu inafuata miezi mingi ya jua, baridi ya usiku na moto wa pori. Mimea mingine ya vilima inajificha chini ya udongo kwa mizizi minene, na baada ya moto inatoka tena. Mingine inaishi msimu mmoja tu, inaacha mbegu, na mbegu ndiyo inayolala mpaka mvua irudi.

Ua letu ni la namna hii ya pili. Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni la ukoo mmoja na mrihani: shina lililonyooka, majani membamba, na kichwani mafungu ya maua madogo ya zambarau. Katika vitabu vya Kifaransa wameliita ua la mukuba. Linapenda udongo ulio wazi, uliochimbwa au kuchomwa, mahali ambapo mimea mingine imeshindwa. Linachanua mvua zikiwa zinakwisha, wakati majani mengine yanaanza kukauka.

2. Wankambo wenye kula mukuba

Tumezoea kusikia kwamba historia ya mukuba ilianza na Union Minière. Si kweli. Union Minière ya Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na fonderi ya Lubumbashi ilitoa mukuba wake wa kwanza mwaka 1911, kwa mawe ya Étoile. Wakati huo wankambo walikuwa wameyeyusha mukuba kwa zaidi ya miaka 1.500. Karibu na mto Naviundu, ambao leo uko ndani ya mji wa Lubumbashi, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mabaki ya kuyeyusha mukuba yanayorudi nyuma mpaka karibu karne ya 4.

Mukuba huo ulitembea. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yaliyofukuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958, halafu na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, yalionyesha watu waliozikwa pamoja na vitu vya mukuba: bangili, mikufu, na baadaye misalaba midogo. Kuanzia karibu karne ya 13 au 14 misalaba hiyo ilikuwa mali ya kulipia vitu, tena ya kuolea. Ndiyo misalaba ile mitatu iliyowekwa kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Tunaiona kwenye kuta na kwenye nguo, lakini ni wangapi wanajua mikono iliyoitengeneza?

Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika juu ya kazi hiyo, na aliwapa mafundi jina ambalo limebaki: wala-mukuba. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakiisha kuingia. Watu walihama mji, wakajenga vibanda karibu na kilima. Wanawake na watoto waliokota jiwe la kijani juu ya ardhi, wanaume wakalifuata chini kwa mashimo. Mawe yaliletwa karibu na maji. Huko walikata udongo wa kichuguu, wakajenga tanuri, wakachoma makala ya miti migumu, wakavuta mivukuto ya ngozi. Mukuba ukashuka, ukamiminwa katika mfano wa msalaba.

Hapo pana jambo moja ambalo msomaji alishike vizuri, kwa kuwa mambo mengine yote yanategemea hilo. Jiwe lilitoka kilimani, lakini tanuri mara nyingi halikuwa kilimani. Lilikuwa bondeni, penye kichuguu, makala na maji. Yaani wankambo walichukua mukuba kutoka pale Mungu alipouweka, wakaupeleka mahali ambapo haukuwepo.

Biashara hiyo ilileta pia wageni. Msiri, aliyetoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania, alijenga ufalme wake Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mukuba ulikuwa moja ya nguvu zake pamoja na pembe. Bayeke walijulikana kwa ufundi wa kuvuta nyuzi za mukuba. Kiswahili chenyewe kiliingia kwetu kwa njia hizo za biashara, kabla ya kupata nguvu katika kambi za wafanyakazi. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891. Miaka michache baadaye matanuri ya wankambo yakazimika moja baada ya nyingine. Mukuba ukawa wa kampuni, na mla-mukuba akawa kibarua.

3. Ua linalotoa ushahidi

Tanuri likizimika, mvua inabomoa kuta. Udongo wa kichuguu unarudi kuwa udongo. Makala yanazikwa. Baada ya miaka 100 mtu anapita juu na haoni kitu. Lakini mukuba uliomwagika, vumbi la jiwe la kijani, takataka za tanuri, hivyo havitoki. Udongo wa fasi ile umebadilika kwa muda mrefu sana. Na kila mwaka, mvua zikiwa zinakwisha, doa moja dogo la zambarau linatokea katikati ya bonde.

Watu wa elimu walianza kuandika juu ya mimea hii wakati wa ukoloni. Paul Duvigneaud, profesa wa Bruxelles, alichapisha mwaka 1958 kazi kubwa juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini. Mwaka 1959 yeye na mwenzake walitoa jina la Crotalaria cobalticola, ua la njano ambalo waliliona likifuata kobalti. Haja ya wengi wakati ule ilikuwa kutafuta migodi: ua lionyeshe wapi pa kuchimba.

Halafu kukaja wazo lingine. Mwaka 1982 Guy de Plaen, François Malaisse na R. R. Brooks waliandika kwamba maua ya mukuba yanaweza kumsaidia pia anayetafuta historia. Hoja yao ni ile ile tuliyoomba msomaji aishike. Ukiona ua hilo juu ya kilima, ni jambo la kawaida: mukuba uko pale tangu uumbaji. Lakini ukiliona bondeni, karibu na maji, mbali na kilima, uliza: nani aliuleta mukuba hapa? Chimba, na mara nyingi utapata makala, vipande vya mabomba ya udongo, na takataka za tanuri. Ua limeshitaki tanuri lililokufa.

Tuseme ukweli wote. Ua si nabii. Mwaka 1996 Alan Paton na Brooks walipitia upya habari hizo, wakaonyesha kwamba mimea ya jamii hii inaonekana pia kwenye udongo usio na mukuba mwingi. Tena ua letu limetembea pamoja na sisi. Limefuata kando za barabara na reli ambako mawe yalianguka kutoka kwenye mabehewa, na limezunguka viwanda. Kwa hiyo ua ni shahidi mwenye kuhitaji shahidi wa pili. Lakini shahidi ni shahidi. Wankambo hawakutuachia vitabu vya hesabu za matanuri yao. Walituachia udongo uliobadilika, na juu yake ua la kusema: hapa watu walifanya kazi.

4. Shimineya na udongo mtupu

Sasa turudi kwenye lupangu la mama. Mukuba wa pale haukuwekwa na Mungu, na haukuletwa na wala-mukuba. Ulishuka kutoka juu.

Kuanzia mwaka 1911, kwa miaka karibu 80, moshi wa fonderi ya Lubumbashi ulibeba vumbi la madini na hewa ya salfa. Upepo wa kiangazi, unaotoka kusini-mashariki, uliupeleka upande wa kaskazini-magharibi. Salfa ikatia udongo ukali wa asidi, na asidi ikafungua mukuba ili uingie kwa urahisi katika mizizi. Miti ikafa, watu wakakata iliyobaki kwa makala, mvua ikaosha udongo wa juu. Penga Penga ni mfano unaojulikana zaidi: udongo mtupu, uliokaa hivyo hata baada ya moshi kupungua. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400.000 za mukuba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 kazi iliporomoka, lakini udongo haukupona. Shimineya inaweza kunyamaza. Kilichoshuka kutoka kwake hakipandi tena.

Hiyo si habari ya miti peke yake. Udongo usiovaa kitu unaruka kama vumbi wakati wa kiangazi, unaingia nyumbani na kwenye sahani. Wakati wa mvua unatelemka mpaka kwenye vijito ambako watu wanafua na kumwagilia mboga. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda: kobalti na madini mengine yalikuwa ya juu sana, na watoto walikuwa kati ya wenye kuguswa zaidi. Mboga za majani zinazolimwa kwenye udongo kama huo zinabeba madini, ndani ya jani na juu yake kwa njia ya vumbi. Kwa hiyo mzee wetu alikuwa na haki. Ua halikuwa adui wa lengalenga. Lilikuwa linamuonya mama.

5. Kuvika udongo nguo

Ni hapa ambapo mimea ya vilima inarudi na kazi mpya. Kama udongo wa Penga Penga unafanana na udongo wa kilima cha mukuba, basi tuite mimea ya kilima ije iuvike.

Watu wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu hivyo pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Mwaka 2010 Mylor Shutcha na wenzake walichapisha jaribio la miaka miwili juu ya aina tatu za majani ya kwetu, kwenye udongo uliotiwa miligramu 2.500 za mukuba kwa kilo. Fasi zingine waliongeza mboji, zingine chokaa. Majani mafupi yanayoitwa Microchloa altera, au kwa jina lingine Rendlia altera, yanayoota kwa mafungu kwenye vilima vya mukuba, ndiyo yaliyoonekana kufaa zaidi. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya miaka mitatu ya kazi kwenye udongo mtupu wenyewe, uliochomwa na moshi wa fonderi. Chokaa inapunguza ukali wa asidi na kuufunga mukuba; mboji inaleta chakula na kushika maji; mafungu ya majani yanazuia udongo usiruke wala kutelemka. Kisha mbegu zingine zinapata fasi ya kukaa.

Hapa watu wanakosea mara nyingi, basi tueleze wazi. Mimea hii haiondoi mukuba. Kuna wakati vitabu vilisema kwamba baadhi ya maua ya Katanga yanavuta mukuba na kobalti kwa wingi wa ajabu ndani ya majani yao. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon na wenzake walipima tena, wakaosha majani vizuri kabla ya kupima, na hesabu ikashuka sana: sehemu kubwa ilikuwa vumbi tu. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba ukipanda maua miaka miwili lupangu litakuwa safi, anakudanganya. Kazi ya ua na majani ni kuvika, si kufua. Nguo haiponyeshi kidonda, lakini inazuia nzi na vumbi, na inampa mwenye kidonda heshima yake.

Anayetaka kujaribu, katika masomo, parokia au kartie, afuate njia hii:

– Achague fasi iliyokwisha kuharibika, iliyo uchi, isiyolimwa. Asipeleke udongo wa mukuba kwenye bustani safi kwa sababu ya uzuri wa maua. Ua hili halipendi sana udongo mzuri: wataalamu wengine wanafikiri kwamba pasipo mukuba linashambuliwa na kuvu za udongo, na mimea mingine inalifunika.

– Mbegu zikusanywe vichwa vya maua vikiwa vimekauka, mwanzoni mwa kiangazi, kabla moto wa pori haujapita. Ni ndogo sana. Zikaushwe kivulini, ziwekwe katika bahasha ya karatasi, fasi kavu, na jina la mahali zilipotoka liandikwe juu.

– Mafungu ya Microchloa yagawanywe kwa mkono na kupandwa mvua zikiwa zimeshika, si kwa mvua ya kwanza inayodanganya. Chokaa na mboji vichanganywe na udongo mapema.

– Mbegu za ua zitawanywe juu juu katikati ya mafungu, zikandamizwe kwa mguu, zisizikwe ndani. Mwaka wa kwanza yatatoka machache. Yaachwe yamwage mbegu zake yenyewe.

– Mbuzi wasilishwe pale, na mboga zisipandwe pale, hata kama udongo umeanza kuonekana mzuri.

Kumwagilia si lazima kwa miaka yote. Wakati wa jua ua litakufa, majani yatakauka, na mtu atasema kazi imepotea. Haikupotea. Mbegu iko chini, mzizi uko chini. Mimea hii ilijifunza kiangazi cha Katanga kabla yetu.

6. Mbegu zitatoka wapi?

Bado kuna shida moja, na ndiyo kubwa. Nguo inashonwa kwa kitambaa, na kitambaa chetu kiko kwenye vilima. Vilima ndivyo vinavyochimbwa.

Tangu mwaka 2022 Congo inatoa zaidi ya tani milioni 2 za mukuba kwa mwaka, sehemu kubwa kabisa kutoka Haut-Katanga na Lualaba, mikoa iliyozaliwa na mgawanyo wa Katanga wa mwaka 2015. Kila kilima kinachogeuka shimo kinaondoka na mimea yake. Mmea mdogo unaoitwa Crepidorhopalon perennis umejulikana kutoka fasi moja tu, Étoile, kule kule ambako Union Minière ilianza kuchimba. Fasi ikiwa moja, shimo moja linatosha kumaliza habari. Huko Tenke na Fungurume, kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, wataalamu wa Gembloux na wa Lubumbashi walifanya kazi na mgodi kuhamisha udongo wa juu pamoja na mbegu na mizizi yake, ili mimea adimu ipate makao mengine. Ni kazi nzuri, na ni ngumu: kuna mimea inayokubali kuhama, kuna inayokataa.

Ua letu la zambarau halimo hatarini kama wenzake. Lenyewe ni hodari, linafuata mtu popote anapochafua. Lakini udongo mtupu hauvikwi na ua moja. Linahitaji Microchloa, linahitaji jamii nzima ya kilima. Tukiruhusu vilima vyote viishe pasipo kuweka mbegu, siku tutakapopata moyo wa kutengeneza mahali palipoharibika, tutakuwa na chokaa, tutakuwa na mboji, na hatutakuwa na mbegu.

Wengine watatuuliza: je, tunakataa migodi? Watoto wetu wengi wanakula kwa kazi hiyo, na wankambo wetu wenyewe walikuwa wachimbaji. Tunachosema ni kwamba mla-mukuba wa zamani alichimba kiangazi kimoja, akarudi shambani, na kilima kikabaki na maua yake. Yule wa leo anakula kilima pamoja na mbegu. Mtu anayekula mbegu hangojei mavuno.

Kumaliza

Tulirudi kwa yule mama mwaka uliofuata, na yule mzee alikuja. Mama alikuwa amepata magunia mazee, akayajaza udongo wa kichuguu ulioletwa kutoka mbali na mji, na mboji. Lengalenga yake ilikuwa ndani ya magunia, pembeni ya nyumba, anaimwagilia kwa maji ya kisima cha jirani na kuosha majani vizuri kabla ya kupika. Si shamba kubwa. Alisema wazi kwamba haitoshi kwa watoto sita, na kwamba zingine ananunua sokoni, na za sokoni hajui zimetoka udongo gani. Hilo ni swali ambalo kartie moja haiwezi kulijibu peke yake. Linawahusu wale wote wanaopima udongo na wenye kutoa ruhusa za kulima na kujenga.

Lakini ile sehemu nyingine ya lupangu aliiacha. Maua yalikuwa yameongezeka. Watoto walikuwa wamepanga mawe kuyazunguka ili watu wasikanyage.

Mzee akauliza: «Sasa mama, unayaacha juu ya uzuri?»

Mama akacheka. «Baba, si weye njo ulisema inaongeaka? Naiacha iongee.»

Ndugu msomaji, mwezi wa 5 ukifika, tembea katika kartie yako, ukaangalie chini. Ukiona zambarau fasi isiyo na majani mengine, simama. Uliza wazee kulikuwa nini pale: tanuri, reli, kiwanda, moshi? Andika majibu yao, kwa sababu wale wanaokumbuka wanapungua. Usilime mboga fasi ile. Na kabla ya moto wa pori, kusanya vichwa vichache vilivyokauka, uviweke katika karatasi, uandike jina la mahali. Shirika letu linaomba kila masomo yanayosoma kijitabu hiki yafanye hivyo. Bahasha moja ya mbegu ni ndogo, lakini vizazi vijavyo wasiseme kwamba tulikaa juu ya utajiri wote huu na tukashindwa kuwaachia hata nguo ya kufunika udongo.